Bonde la Ufa Lafunza Wachoraji Siri ya Umbali

Msafiri atokaye Nairobi akapinda kushoto pale Rironi kuelekea Mai Mahiu hupita kwanza katikati ya mashamba ya viazi na kabeji. Kisha, kwa ghafla, nchi humwondokea miguuni. Chini kabisa limetandaa Bonde la Ufa. Upande wa kulia umesimama Mlima Longonot wenye urefu wa mita 2,776, na mbali kushoto waonekana mgongo wa Suswa. Hapa madereva husimama, abiria wakanyoosha miguu, wakapiga picha na kununua kofia za manyoya ya kondoo.

Kando ya vibanda hivyo nilimkuta kijana aliyemaliza kidato cha nne akiuza michoro ya bonde lilo hilo, ili apate karo ya chuo. Wateja waliutazama mchoro, wakalitazama bonde nyuma yake, wakarudi garini mikono mitupu. Milima yake ilikuwa ya kijani kibichi tangu chini hadi kileleni, anga ya samawati moja, na vivuli vyeusi kama masizi.

"Baba Kamau, ni mzuri, lakini si hapa," mama mmoja alimwambia mumewe.

Kauli hiyo yaeleza tatizo la wanafunzi wengi wa sanaa. Kijana yule alichora alichokijua, si alichokiona. Tangu shule ya msingi twajua kwamba miti ni ya kijani na mlima ni mwinuko mkubwa, basi hatusumbuki tena kutazama. Walakini bonde hili ni mwalimu mwema kwa yeyote aliye tayari kukaa chini na kuliangalia.

Somo la kwanza ni hewa. Kati yako na Longonot pana kilomita nyingi za hewa yenye vumbi na mvuke. Hewa hiyo hutawanya nuru ya samawati, nayo huja kulifunika kila lililo mbali kama shela nyepesi. Ndiyo sababu kichaka kilicho miguuni pako kina rangi kali na majani yanayohesabika, tambarare iliyo chini imefifia, na ukuta wa ng'ambo ya bonde ni samawati tupu iliyopauka. Mtaliano Leonardo da Vinci, aliyefariki mwaka wa 1519, aliwaeleza wachoraji jambo hili. Katika sahani ya rangi, kadiri uendavyo mbali ongeza nyeupe na samawati kidogo, punguza ukali, na uache kuchora jani mojamoja.

Somo la pili ni kijani chenyewe. Kijani cha chupa, kama kinavyotoka dukani, hakipo bondeni. Leleshwa ina rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani. Migunga huelekea manjano, na nyasi za kiangazi ni za hudhurungi. Tone dogo la rangi nyekundu hutuliza kijani kinachopiga kelele. Kivuli nacho hakihitaji nyeusi. Changanya samawati na hudhurungi, nawe utapata giza lenye uhai.

Somo la tatu ni mstari wa macho. Kabla ya kushika brashi, shika penseli ukiwa umeinyoosha sawasawa mbele ya macho yako. Kila kilicho chini kuliko macho yako kitakuwa chini ya mstari huo, na kilicho juu kuliko macho yako kitaupita. Kwa kuwa umesimama juu ya ukingo, karibu bonde zima litakaa chini ya penseli, ilhali kilele cha Longonot, kilicho juu kuliko ukingo, kitachungulia juu yake. Yaweke hayo sawa na mchoro utapata kina hata kabla ya rangi. Malori yanayoteremka barabarani yatakusaidia kupima ukubwa. Yaliyo karibu ni kama viberiti, na yaliyofika chini ni kama siafu.

La mwisho ni saa. Ukingo huu hutazama magharibi. Alfajiri jua hugusa kilele cha Longonot huku tambarare ingali kivulini. Saa mbili asubuhi jua liko mgongoni pako na rangi zote hujitokeza wazi. Saa sita, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, vivuli hujificha chini ya miti na mlima huonekana bapa. Saa kumi alasiri jua limekuja mbele yako, vumbi lang'aa, na mlima umegeuka zambarau. Mchoraji anayechanganya saa hizi zote katika karatasi moja hulichanganya hata jicho la mtazamaji. Mfaransa Claude Monet alilichora rundo la mavuno mara nyingi, mwaka wa 1890 na 1891, akilibadilishia nuru tu.

Jumapili moja yatosha kujaribu. Wachukulie watoto karatasi tatu ndogo, rangi za maji na sweta, kwani ukingo una baridi. Wachore saa mbili, saa sita na saa kumi, kila karatasi kwa nusu saa tu. Kaeni mbali na barabara, maana malori ya hapo hayana subira.