Utando ule haukuwa maziwa

Mtoto alikuwa na wiki sita alipoanza kukataa titi. Analishika, ananyonya mara mbili tatu, anaachia na kulia. Mama yake, anayeishi na wakwe zake Mbagala, Dar es Salaam, aliona ulimi una utando mweupe akadhani ni mabaki ya maziwa. Akawa anaufuta kila asubuhi kwa kitambaa safi. Maziwa yangefutika. Utando ule haukutoka, na siku aliposugua kwa nguvu pakabaki wekundu na tone la damu.

Naye chuchu zilikuwa zinawaka moto. Alikaza meno kila alipomnyonyesha, na maumivu yaliendelea hata mtoto akishalala. Hakumwambia mtu, kwa sababu nyumbani neno lilishaanza kuzunguka. Mama mkwe aliona mjukuu anapungua, akamuuliza mwanawe kwa sauti ya chini kama mtoto hajabemendwa. Uzito wa neno hilo wazazi wanaujua. Baba mtoto akahamia kulala sebuleni. Ikashauriwa mtoto aachishwe, apewe maziwa ya kopo. Shangazi naye akaleta asali ya kupaka ulimini; bahati nzuri haikufunguliwa, maana asali haipewi mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Siku ya kupima uzito kliniki, nesi alimfungua mtoto mdomo, akatazama na ndani ya mashavu. Kisha akauliza, "Na wewe mama, matiti hayaumi?"

"Yanawaka, nesi," alijibu, machozi yakamtoka.

Ilikuwa fangasi aina ya kandida. Huishi kwenye miili ya watu wengi bila kuleta shida, ila huzidi pale kinga inapokuwa changa kama ya mtoto mchanga, au baada ya mtu kutumia antibayotiki. Mama huyu alijifungua kwa upasuaji na kupewa antibayotiki. Kulala na mumewe hakuhusiki hata kidogo.

Mtoto aliandikiwa nistatini ya matone, mara nne kwa siku baada ya kunyonya, nusu shavu hili na nusu lile, ili dawa ikae mdomoni kabla ya kumezwa. Mama akapewa dawa ya fangasi ya kupaka kwenye chuchu baada ya kunyonyesha. Hapa ndipo nyumba nyingi hukosea: anatibiwa mtoto peke yake, utando unaisha, siku chache baadaye umerudi, kwa kuwa mdomo na titi vinaambukizana. Kosa la pili ni kuacha dawa mara tu mdomo unapoonekana safi. Nesi alisisitiza waendelee siku mbili zaidi. Kunyonyesha kusikome. Kama mtoto anatumia chuchu ya plastiki, ichemshwe. Na utando usipoisha baada ya wiki moja ya dawa, au ukirudi kila mara, arudishwe kituoni achunguzwe zaidi, pamoja na kipimo cha VVU.

Siku ya nne mtoto alimaliza titi zima akalala. Bibi yake alikuwa akitazama matone yanavyowekwa, akaomba afundishwe, na tangu hapo dozi ya saa nne usiku ikawa yake. Kuhusu lile neno hakuomba radhi. Baba mtoto alirudi chumbani Ijumaa.