Nyumba Zilizotufundisha Bukavu

Nilipoanza kusomea usanifu wa majengo, mwanzoni mwa miaka ya 1990, mfano wa jengo ulikuwa picha. Mwalimu alibandika ukutani ramani za Villa Savoye, nyumba nyeupe ya Le Corbusier iliyokamilika mwaka 1931 huko Poissy, Ufaransa, nasi tukazinakili kwa penseli mpaka mistari ilingane. Tulisifu nguzo zake nyembamba, madirisha yake marefu na paa lake bapa. Hakuna aliyetuambia kwamba paa hilo lilivuja, wala kwamba mwenye nyumba, Bi. Savoye, alimwandikia msanifu wake barua akilalamikia maji ndani ya nyumba. Kwa vijana wa Bukavu, mji unaopata mvua tangu Septemba hadi Mei, habari ya barua zile ingetufaa kuliko ramani yenyewe.

Kufundisha kwa mifano si kwa wasanifu peke yao. Katika Chuo Kikuu cha Harvard, Christopher Langdell alianza mwaka 1870 kuwasomesha wanafunzi wa sheria kesi zilizokwisha kuamuliwa, wabishane juu yake badala ya kukariri kanuni. Lakini kesi ina mdai, mdaiwa na hukumu. Mfano wetu wa ukutani ulikuwa na upande mmoja tu, wa aliyechora. Aliyekaa ndani hakusikika.

Kwangu mambo yalibadilika pale mwalimu mmoja wa ujenzi, mzee aliyewahi kuwa msimamizi wa kazi, alipotupeleka Bagira. Makazi hayo yalijengwa na utawala wa Kibelgiji katika miaka ya 1950, kupitia shirika lake la makazi, Office des Cités Africaines, kwa ajili ya Waafrika, mbali na rasi za Ibanda walikoishi Wazungu. Mzee alituagiza tupime nyumba kama ilivyo leo, si kama ilivyochorwa. Tukakuta dirisha la sebuleni limezibwa kwa matofali. Jiko lilikuwa limehamia uani, chini ya mabati, na chumba cha nyuma kilikuwa kimetobolewa mlango wake ili kipangishwe.

“Mama, kwa nini mliziba dirisha hili?” mwenzangu akamwuliza mwenye nyumba.

“Mwanangu, mvua ya huku inakuja na upepo wa ziwa, inaingia mpaka kitandani. Waliolitoboa hawakulala humu.”

Mzee akatutaka tuandike jibu hilo kwenye mchoro, pale pale penye dirisha. Tangu siku hiyo daftari langu lina safu mbili kwa kila jengo: kilichochorwa, na walichokifanya wakazi. Kwenye Kolegio Alfajiri ya Wajesuiti na kwenye Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Amani niliwauliza mafundi wanaofanya matengenezo, kwa maana wao ndio wanaojua unyevu unapenya wapi na ni mbao ipi huoza kwanza.

Kisha likaja tetemeko. Tarehe 3 Februari 2008, Jumapili asubuhi, ardhi ilitikisika kwa kipimo cha karibu 6. Ng'ambo, upande wa Rwanda, wako waliofia kanisani. Kwetu nyumba nyingi zilipasuka na kuta zikaanguka. Wiki zilizofuata nilizunguka na wanafunzi wangu mtaa kwa mtaa. Tulikuta nyumba mbili zilizopakana, zote za matofali ya kuchoma. Ya kwanza ilikuwa na mkanda wa beton wenye nondo, unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha, na nyufa zake zilikuwa chache. Ya pili haikuwa na mkanda, na ukuta wake wa pembetatu chini ya paa ulikuwa umelala uani. Nyumba za mbao za Kadutu, hapa mjini, ambazo wengi huzidharau, tulizikuta bado zimesimama. Adui yao ni moto. Somo lile halikuwa kwenye kitabu chochote tulichowahi kupewa.

Siku hizi mteja huja ofisini na picha kwenye simu, jumba la Dubai au la Kigali, na vijana wetu hupata mifano mingi kwa intaneti kwa dakika chache. Picha imerudi kushika nafasi yake. Mimi humwomba mteja twende kwanza kwenye nyumba iliyosimama kwenye mteremko kama wa kiwanja chake, tumwulize mwenyewe maji ya paa lake huenda wapi. Mfano wa mbali nao unafaa ukija na sababu zake. Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, tunaisoma kwa sababu njia zake za kupita ziliwekwa nje na hewa ikapangiwa mkondo wa kutokea, ili kifua kikuu kisienee kutoka kitanda hadi kitanda.

Mfano mzito kuliko yote tunao hapa hapa, Funu, ambako mlima unatelemka polepole na nyumba zikiwa juu yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Geoscience ulifuatilia mporomoko huo kwa muda wa zaidi ya miaka 70, kwa picha za zamani za ndege na za satelaiti. Ulionyesha kwamba kukua kwa mji kumeuongezea kasi, kwa sababu ujenzi hubadilisha njia za maji juu ya ardhi na chini yake. Kwa hiyo paa lisilo na mfereji kule ni hatari kwa mtaa mzima, na msanifu anayechora nyumba ya mtu mmoja anagusa maisha ya majirani wote.

Wasanifu wenzangu, turudi kwenye majengo yetu baada ya msimu mmoja au miwili ya mvua, tuwaulize wanaokaa humo, na tuandike hata yaliyoshindikana. Hassan Fathy wa Misri aliandika waziwazi jinsi kijiji chake cha Gourna Mpya kilivyokataliwa na wale aliowajengea, na kitabu chake bado kinasomwa duniani kote. Shule zetu nazo ziyaweke madaftari ya namna hiyo maktabani. Mwanafunzi wa Bukavu aijue Bagira na Funu kabla ya kuijua Poissy.