Barua Zinazokwama Mlangoni

Leo naomba niweke pembeni siasa na bei ya mahindi, niongelee jambo linalowatesa watu wengi wenye tovuti bila wenyewe kujua: barua pepe zinazotoka kwenye tovuti na kuyeyuka njiani. Nasema kuyeyuka kwa sababu hazifiki, na wala hakuna anayekwambia kwamba hazikufika.

Kuna kikundi cha wakulima wa vitunguu swaumu, wengine wa Mbulu, wengine wa huku kwetu Jorodom, Hanang. Baba mdogo ndiye katibu. Walichanga fedha wakatengenezewa tovuti yenye fomu ya oda, lengo likiwa kumkwepa dalali anayekuja shambani na lumbesa yake na bei aliyoipanga kichwani. Msimu mzima baba mdogo alikuwa anafungua simu kila jioni kutazama oda. Hakuna. Akahitimisha kwamba watu wa mjini kelele zao ni za mtandaoni tu, vitunguu wananunua sokoni. Mzigo ukaenda kwa dalali, kwa lumbesa ile ile.

Nilipokuja likizo nikaijaza fomu mwenyewe. Ikajibu: "Asante, ujumbe wako umetumwa." Tukakaa tunaitazama simu kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani. Kimya. Folda ya taka nayo patupu.

"Sasa mwanangu, umetumwa wapi?"

Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kusikia kwenye mikutano na waandishi wa habari. Maana lile neno "umetumwa" lina maana moja tu: fomu imeikabidhi barua kwa seva. Yanayotokea baada ya hapo fomu haiyajui.

Nikaingia kwenye paneli ya seva, sehemu inayoonyesha barua zilizojaribu kutoka. Kumbukumbu zile hutunzwa siku chache tu, lakini kwa siku hizo chache nilihesabu majaribio 11, yote yakiwa na jibu la namba 550, yaani mpokeaji kakataa moja kwa moja. (Ukiona namba zinazoanza na 4, hapo umeambiwa usubiri, seva itajaribu tena.) Tarehe zipo, saa zipo. Nani aliagiza na gunia ngapi, hakuna. Kumbe wakati wakulima wanawaona wateja waongo, wateja nao walikuwa wanawaona wakulima wana maringo, hawajibu.

Chanzo ni nini? Utaratibu wa kusafirisha barua pepe, SMTP, uliandikwa na Jon Postel mwaka 1982, enzi ambazo mtandao ulikuwa kama kijiji, watu wanafahamiana. Hakuna aliyeona haja ya kumdai mtuma barua kitambulisho. Ni kama bahasha ya posta: nyuma unaweza kuandika jina lolote. Matapeli walipoligundua hilo, wenye seva kubwa wakaanza kuweka walinzi mlangoni.

Sasa fomu ya baba mdogo ilikuwa na ujanja ambao mafundi wengi bado wanautumia. Mteja akiandika anwani yake ya Yahoo, fomu inaipeleka barua kana kwamba imetoka kwa huyo mteja huko Yahoo, ili ukibonyeza "jibu" liende kwake. Zamani ilikubalika. Lakini Aprili 2014 Yahoo waliwatangazia wapokeaji wote: barua yoyote inayojiita ya Yahoo bila kuthibitika kwamba ni yetu, ikataeni. Tovuti ya vitunguu inayojitambulisha kama Yahoo, mlinzi ataifanyaje? Dawa yake ni dakika tano: sehemu ya mtumaji weka anwani ya tovuti yenyewe, ya mteja ihamie sehemu ya "jibu kwa".

Hilo peke yake halikutosha. Sote tunaijua barua ya utambulisho. Ukiihitaji unaanza kwa mwenyekiti, jina, sahihi, mhuri. Kwenye barua pepe karatasi hizo ni tatu, na zinaandikwa kwenye kumbukumbu za jina la tovuti, yaani kikoa. SPF ni orodha ya seva unazozituma kwa niaba yako. Iwe moja tu. Fundi wa kwanza akiweka yake na wa pili akaongeza nyingine, zote mbili zinahesabika mbovu. DKIM ni mhuri unaogongwa kwenye kila barua ili ijulikane haikuchezewa. DMARC ni maelekezo kwa mpokeaji: ukikuta barua ina jina langu lakini haina uthibitisho, ufanye nini. Anza na agizo la kutazama tu na kuletewa ripoti, ukaze baadaye. Na msidhani ni mambo ya makampuni makubwa. Tangu Februari 2024 Gmail inamdai kila mtumaji awe walau na SPF au DKIM. Anayetuma zaidi ya barua 5,000 kwa siku anatakiwa kuwa na zote tatu.

Halafu kuna majirani. Seva ya bei nafuu mnapanga tovuti mamia, anwani moja ya IP. Mmoja akivamiwa na kuanza kumwaga barua taka usiku, IP nzima inaingia kwenye orodha nyeusi kama za Spamhaus, na nyie wauza vitunguu mmo. Kampuni iliyotupangisha seva ilinijibu kwa sentensi moja kwamba tatizo liko kwetu. Sikubishana nao. Tukahamishia utumaji kwenye huduma ya barua pepe ya kulipia, tovuti ikiingia kwa jina na neno la siri kupitia mlango wa 587, badala ya kuitupia seva ya pamoja ihangaike nazo.

Yaliyobaki ni ya kuzuia yasijirudie. Fomu tumeiwekea kizuizi cha roboti. Nakala ya "tumepokea oda yako" tumeizima, kwa sababu roboti huandika anwani za watu wasiohusika na tovuti yenu inageuka msambaza taka. Kubwa kuliko yote, kila oda sasa inahifadhiwa kwenye hifadhidata ya tovuti kabla barua haijatoka. Barua ikikwama, oda haipotei. Na kila tarehe 1 baba mdogo anajaza fomu mwenyewe, anaagiza kilo moja, anangoja ifike.

Kilichotuchelewesha wiki mbili si teknolojia. Neno la siri la kikoa lilikuwa kwa fundi aliyetengeneza tovuti, naye alishahamia mkoa mwingine, simu hapokei. Alipolitoa hatimaye, kikundi kilikaa kikao. Sasa limeandikwa kwenye karatasi, liko ndani ya kisanduku cha VICOBA pamoja na daftari la hisa, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Baba mdogo hana hata mmoja.