Saa ya Kuisifu Kazi ya Mwenzako

Nilipoanza kufundisha historia chuo kikuu huko Njoro, miaka ya tisini, kuisifu kazi ya msomi mwenzako hadharani lilikuwa jambo la nadra. Dibaji ilikuwa ya wazee wa fani. Tahakiki ilisafiri kwa posta, na ilipochapishwa kitabu chenyewe kilikuwa kimeshazeeka rafuni. Sisi wahadhiri vijana tulisubiri wakubwa wanene, kisha tukaitikia. Kanuni yangu ilikuwa moja: sitamuunga mtu mkono mpaka wataalamu wote wawe wamekubaliana. Niliihesabu kuwa adabu ya taaluma.

Bonde la Ufa lenyewe ndilo lililonibadilisha. Nilikuwa nikiwapeleka wanafunzi Hyrax Hill, pembeni mwa mji wa Nakuru, alikochimba mwanaakiolojia Mary Leakey mwaka 1937 na 1938, kisha Kariandusi karibu na Gilgil, penye shoka za mawe zilizompa sifa mumewe, Louis. Wanafunzi waliuliza swali lile lile: dunia iliamuaje kumwamini Louis? Nami niliwasimulia kisa cha Kanam.

Mwaka 1932 kikundi cha Louis Leakey kilipata kipande cha taya huko Kanam, upande wa Ziwa Viktoria. Machi 1933 wataalamu walikutana Cambridge, wakayachunguza mabaki hayo, wakaunga mkono dai lake kwamba taya lile lilikuwa la kale mno. Miaka miwili baadaye mwanajiolojia Percy Boswell alikuja Kenya kujionea. Vigingi vya chuma vilivyowekwa kuwa alama havikuwapo tena, picha moja ikabainika kuwa ya mahali pengine, na pale hasa lilipotoka taya hapakuweza kuonyeshwa. Boswell akaandika katika jarida la Nature mwaka 1935, na heshima ya Leakey ikatikisika vibaya.

Nilikisimulia kisa hicho mara nyingi kabla sijaona kiini chake. Wale wa Cambridge walikuwa wajuzi wa kweli. Mfupa waliuona, ardhi ulikotoka hawakuiona. Hata hivyo sahihi yao iliyafunika yote mawili.

Desemba 2000 jambo kama hilo likatufikia jirani. Watafiti Martin Pickford na Brigitte Senut walitangaza mabaki ya kiumbe wa kale kutoka vilima vya Tugen, Baringo, wakayaita Orrorin tugenensis. Katika tangazo hilo moja mlikuwa na madai matatu: kwamba mabaki yana umri wa miaka milioni 6 hivi, kwamba kiumbe huyo alitembea wima kwa miguu miwili, na kwamba yumo katika mstari wa moja kwa moja wa mababu zetu. Mwaka 2008 Brian Richmond na William Jungers, ambao hawakuwa katika kikundi cha wagunduzi, walichapisha vipimo vya mfupa wa paja wa Orrorin katika jarida la Science. Waliliunga mkono dai la kutembea wima, lakini wakatofautiana na wagunduzi kuhusu nafasi yake katika ukoo wa binadamu. Nilipoisoma makala ile nilipata kielelezo nilichokuwa nikikitafuta: kukubali unachokipima, na kutaja bayana unapoishia.

Miaka iliyofuata vyuo vyetu navyo vilikuwa vikibadilika. Vigezo vipya vya kupandishwa cheo vya mwaka 2014 viliongeza uzito wa kuhesabu machapisho. Majarida yanayochapisha kazi ya yeyote anayelipa yakapata wateja. Simu zikaleta makundi ambamo pongezi hufika kabla hata makala haijafunguliwa. Kijana mmoja aliniambia, "Mwalimu, naomba maneno mawili tu ya jalada la nyuma, kitabu kinaenda kiwandani Ijumaa." Nilimwomba mswada. "Wote, Mwalimu?" Nikamjibu, wote.

Niliusoma. Sura za masimulizi ya wazee wa Molo na Elburgon zilikuwa kazi safi, na maeneo yale nayafahamu. Takwimu zake za ardhi sikuwa na njia ya kuzihakiki. Niliandika hivyo hivyo: niliyoyasifu na sababu yake, na nisiyoyakagua. Alitamani maneno matamu zaidi, lakini aliyachapisha yalivyo.

Leo siwasubiri tena wataalamu wote wakubaliane. Ukimya wa mzee wa fani husomwa kama kukataa, na mtafiti kijana wa Nakuru asiye na mfadhili wala jina anaweza kuachwa bila msomaji hata mmoja. Kazi yake ikinifikia naisoma. Nikiona iliyo imara, nasema mapema, kwa jina langu. Kama nilimsimamia tasnifu, nalitaja hilo. Ushahidi mpya ukija kuipindua, nitasema pale pale niliposifia.

Wahadhiri wenzangu, acheni kuwapongeza vijana wetu kwa kazi msiyoisoma, na acheni pia kuwanyima neno mkiwa mmeisoma na mmeiona ni njema. Someni, tajeni mlichokikagua, kisha tieni sahihi. Msomi chipukizi anastahili shahidi aliyeona.