Risasi Ndogo, Mtutu Mrefu

Kuna bunduki ambayo karibu kila anayeishika mara ya kwanza husema maneno yale yale: "Kumbe rahisi hivi?" Ina kitako cha kuegemeza begani na mtutu wa sentimita 40 na kitu, lakini inakula risasi ya bastola. Kwa Kiswahili tunaweza kuiita karabini ya risasi za bastola. Hapa Montana, ninakosomea shahada ya uzamili ya ikolojia ya wanyamapori, utaikuta nyuma ya viti vya pikapu, kwenye mahema ya wavuvi, na kila kiangazi katika mazungumzo ya watu wanaojiandaa kuingia porini. Ukiwauliza ni ya nini, jibu huwa neno moja: dubu.

Nimelisikia jibu hilo kwa miaka miwili. Siku hizi siliamini tena.

Nianze na uzuri wake, maana upo. Bastola ni silaha ngumu kuliko filamu zinavyotuonyesha. Unaishika kwa mikono iliyonyooshwa hewani, haina pa kuegemea, na kiganja kikitikisika kidogo tu risasi inakwenda kwa jirani. Karabini inakaa begani, inagusa shavu, inashikwa kwa viganja viwili, na uzito wake wa kilo tatu hivi unameza teke lote. Mwaka jana mwenzangu wa maabara, msichana mzaliwa wa huku aliyelelewa na baba mwindaji, alinipeleka kwenye uwanja wa shabaha. Kabla ya hapo ilinibidi nikate leseni ya uwindaji, kwa sababu sheria ya Marekani inamkataza mtu mwenye viza ya muda kama yangu kumiliki au kubeba bunduki, hata risasi yake, isipokuwa kwa vighairi vichache, na leseni halali ya uwindaji ni kimojawapo. Kozi ya usalama niliisoma darasa moja na watoto wa miaka 12, na walinishinda kwa maswali.

Kwa bastola ya milimita 9, kwenye mita 20, niligonga sahani ya chuma mara 3 katika risasi 10. Kisha akanipa karabini yake, Ruger inayotenganishwa vipande viwili ikaingia kwenye begi la mgongoni. Risasi zilitoka kisanduku kile kile. Nilirudi nyuma hadi mita 40, nikagonga mara 9. Nilicheka peke yangu kama mtoto aliyejua kuendesha baiskeli. Atakayekwambia silaha hii haivutii, ama hajawahi kuishika ama hataki kukiri.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1873 Winchester walitoa bunduki ya wenzo iliyotumia risasi ya .44-40, na mwaka 1878 Colt wakatoa rivolva inayokula risasi hiyo hiyo. Mtu aliyesafiri siku nyingi bila kuona duka akaweza kubeba mkoba mmoja wa risasi kwa silaha mbili. Hesabu hiyo haijabadilika. Ruger ya mwenzangu inapokea magazini za bastola yake, na risasi za milimita 9 ni za bei nafuu kiasi kwamba mwanafunzi anaweza kufanya mazoezi mchana kutwa na bado akabaki na hela ya chakula.

Tatizo linaanza ukitoka kwenye sahani ya chuma ukaenda kwa mnyama. Mtutu mrefu hauzisaidii risasi zote sawasawa. Baruti ya bastola hutengenezwa iungue upesi, ndani ya mtutu mfupi. Risasi ya milimita 9 inayotoka kwenye bastola kwa mwendo wa mita 350 hivi kwa sekunde, kwenye karabini huongeza 50 au 60, basi. Risasi ya .357 Magnum, iliyozaliwa mwaka 1935 na kujazwa baruti nyingi zaidi, ndiyo inayonufaika: kutoka mita 380 hivi kwenye rivolva hadi kukaribia 550 kwenye mtutu mrefu. Hiyo ni silaha ya maana kwa mwindaji wa kulungu aliye ndani ya mita 100. Ya .44 Magnum inazidi hapo. Lakini bunduki ninazoziona kwenye pikapu, zile zinazonunuliwa kwa jina la dubu, nyingi ni za milimita 9.

Na dubu wa kahawia wa huku, yule wanayemwita grizzly, si sahani. Dume kubwa linaweza kufikia kilo 300, limevikwa mafuta na misuli minene juu ya mifupa mizito. Linaweza kukimbia kilomita 50 kwa saa na zaidi, maana yake mita 30 zinakwisha kwa sekunde mbili tu. Katika sekunde hizo mbili karabini yako nzuri inaning'inia mgongoni kwa mkanda, au imelala vipande viwili ndani ya begi.

Watu wamelihesabu jambo hili. Tom Smith na wenzake walikusanya matukio ya Alaska ya dubu na watu wenye silaha, 269 kwa jumla, kuanzia mwaka 1883 hadi 2009, wakayachapisha mwaka 2012. Bastola zilifanikiwa kumzuia dubu kwa asilimia 84, bunduki ndefu kwa asilimia 76. Sitaki kujenga nyumba juu ya tofauti ya asilimia nane. Kilichonishtua ni kingine: wenye silaha waliojikuta karibu na dubu walijeruhiwa kwa kiwango kile kile, wawe waliitumia au hawakuitumia. Miaka minne kabla ya hapo Smith na wenzake walikuwa wameangalia kopo la pilipili ya kupulizia, lile tunalofunga kifuani tukienda kazini. Asilimia 98 ya watu waliokuwa nalo walipokutana na dubu kwa karibu walitoka bila jeraha. Kopo halihitaji shabaha. Linatoa wingu, na dubu mwenyewe ndiye anayeliingia.

Wenye karabini ninaowafahamu wanazijua takwimu hizi. Wengi wao wana kopo pia. Sasa bunduki ni ya nini?

Aliyenisaidia kulifungua swali hili ni mjomba wangu, aliyekuwa askari wa wanyamapori Selous kabla ya kustaafu na kurudi kulima jirani na Mikumi. Nilimpigia Jumapili moja.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Baridi haijakumaliza?"

Nilimweleza habari ya bunduki. Alinisikiliza, kisha akataka nirudie.

"Risasi ya bastola? Na huyo dubu ana ukubwa gani?"

"Kilo mia tatu, dume kubwa."

"Hiyo ni kama nusu ya nyati. Kwa nyati sisi tulikuwa na .458, risasi kama kidole gumba, na bado ulisali kwanza." Akanyamaza kidogo. "Hao wenzako wasikudanganye, mwanangu. Mimi silaha niliyolala nayo haikuwa ya simba. Simba nilimjua, anajua njia zake nami najua zangu. Ile ilikuwa ya watu."

Alichokisema kina hesabu nyuma yake. Selous ya miaka ya 1970 ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000. Sensa ya mwaka 2013 ilikuta 13,000 hivi. Waliowamaliza walikuja na bunduki za vita, na askari wa hifadhi wakapewa bunduki za vita. Mgeni anayemwona askari akitembea mbele ya watalii hudhani silaha ile inamsubiri chui.

Wiki ile ile nilimuuliza mwenzangu wa maabara, bila kuzunguka, karabini yake ni ya nini. Hakujibu haraka. Alisema akilala peke yake msituni dubu humjia akilini kwa dakika chache, anapotundika chakula juu ya mti. Saa zinazobaki anasikiliza barabara. Anasikiliza kama kuna gari litakalosimama karibu na lake. "Lakini ukisema dubu," alisema, "hakuna anayekuuliza swali la pili."

Tangu hapo naisoma tofauti hata ile historia ya Winchester. Ni kweli iliua kulungu wengi. Ni kweli pia kwamba hapa hapa Montana, kwenye vilima vya Little Bighorn, mwaka 1876, askari wa Custer walikuwa na karabini za Springfield zenye risasi kubwa, zinazojazwa moja moja, na baadhi ya wapiganaji wa Lakota na Cheyenne walikuwa na Henry na Winchester zenye risasi ndogo zinazofuatana. Moto uliunguza nyasi za uwanja huo mwaka 1983, na wanaakiolojia waliopita baadaye na vifaa vya kutambua chuma waliokota maganda ya risasi za silaha hizo zote. Kwa umbali mfupi, risasi ndogo nyingi dhidi ya mwili wa binadamu: hapo ndipo silaha ya aina hii inapojua kazi yake.

Basi swali la kama karabini hii inafaa porini linategemea unamaanisha nini ukisema pori. Kwa sungura na makopo matupu inafaa sana. Kwa kulungu, chagua .357 au .44 na usogee karibu. Kwa dubu, chukua pilipili. Kwa mtu anayesimamisha gari usiku karibu na hema la msichana, siwezi kumwambia mwenzangu kwamba haifai. Sijalala usiku wake.

Ila nimelala wangu. Kazini chuo hakituruhusu kubeba silaha, lakini wikiendi ni zangu, leseni ninayo, na bei yake ningeimudu kwa kujinyima miezi mitatu. Nimepiga hesabu hiyo zaidi ya mara moja. Kila nikifika mwisho wake najiona nimesimama kwenye maegesho mwanzoni mwa njia ya msituni, alfajiri, karabini begani, na gari la watu nisiowajua linaingia. Mwenzangu akisimama pale ni mtu wa Montana. Mimi nikisimama pale, mweusi, mwenye lafudhi, ni swali, na sijui watu wa kwenye gari lile watajijibu nini kabla sijawasalimu. Silaha ya kutuliza hofu yangu kwa watu inaweza kuwa ndiyo sababu ya watu kunihofu, nao wana silaha pia. Majarida ya bunduki hupima teke, uzito na shabaha kwenye mita 50. Kipimo hiki sijakiona humo.

Kwa hiyo sijanunua. Naenda na wenzangu, tunapiga kelele njiani ili dubu atusikie mapema, na kopo liko kifuani. Uwanjani bado naenda mara moja moja, maana raha ya kugonga sahani kwenye mita 40 haijanitoka.

Mjomba alifurahi kusikia kwamba kilichomo kwenye kopo ni kemikali ile ile ya pilipili. Majirani zake hufunga kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu kuzunguka mashamba ili tembo wasiingie. Akaniomba nimletee kopo moja nikirudi. Nikamweleza kwamba haliruhusiwi kwenye ndege, hata kwenye sanduku la chini. Bunduki je? Nikamwambia bunduki, ndani ya Marekani, inaruhusiwa kwenye mzigo wa chini, mradi haina risasi na imefungwa kwenye sanduku gumu lenye kufuli.

Alicheka mpaka akakohoa.

"Basi njoo mikono mitupu, mwanangu. Pilipili tunazo."