Waya ya moto

Batri ya taksi ya Papa iliibwa mara mbili katika mwaka mmoja. Mara ya kwanza wezi walivunja kufuli la kapo. Mara ya pili walikata nyaya kwa msumeno, wakaiacha kapo wazi chini ya mvua ya usiku. Hapa Lubumbashi batri haiibwi kwa ajili ya magari peke yake. Umeme ukikatika siku tatu mtaani, batri moja ya volti 12 inawasha taa za nyumba, inachaji simu na kuimbisha redio, kwa hiyo mwizi hakosi mnunuzi. Papa naye, kila ikiibwa, anapoteza siku za kazi, na siku hizo ndizo zinazolipa minervali yangu katika kitivo hiki.

Ndiyo maana fundi wa mtaani alipomwambia: « Muzee, tuitie ndani. Mwizi akivunja mulango, watu watasikia », Papa alikubali papo hapo. Batri ingetoka chini ya kapo na kuwekwa nyuma ya kiti cha dereva, katika sanduku la mbao, miguuni pa abiria wa nyuma.

Nilikuwapo siku hiyo, lakini si kwa ajili ya batri. Nilikuwa nakusanya msamiati wa magereji kwa kazi yangu ya mwisho wa masomo. Wasomaji wa jarida hili wanajua kwamba Kiswahili chetu kilikua pamoja na kazi, katika kambi za migodi na za reli. Johannes Fabian alichapisha mwaka 1986 kitabu kuhusu jinsi utawala wa kikoloni ulivyoitwaa lugha hii. Mimi niliona kwamba gereji ya leo inaendeleza habari hiyo. Nilikuwa na daftari lenye safu mbili, neno upande wa kushoto na maelezo ya kiisimu upande wa kulia. Kapo, masi, fizibu, demarere: kila neno nililipatia asili yake ya Kifaransa, ngeli yake na mabadiliko ya sauti zake. Nilijiona mtafiti.

Kuhamisha batri ni kazi inayoonekana rahisi. Waya mmoja wa chanya unatoka kwenye batri hadi kwenye demarere. Upande wa hasi unafungwa kwenye bodi ya gari, kwa kuwa bodi nzima ni njia ya umeme kurudi, ndiyo masi. Chini ya kapo, waya wa chanya ni mfupi. Batri ikihamia ndani, waya huo unasafiri mita 4 hivi, ukipakana na chuma ambacho chote ni hasi. Popote ngozi yake ikichubuka na shaba ikagusa chuma, nguvu yote ya batri inamwagika hapo. Volti 12 hazimtikisi mtu akizigusa kwa mkono, lakini batri inayotoa ampea zaidi ya 100 kuzungusha injini inaweza kutoa mamia mengi zaidi ikikutanishwa hivyo na chuma, na waya unakuwa mwekundu kama mkaa.

Kwa hiyo mafundi wana kinga mbili ambazo hazipaswi kukosa. Ya kwanza ni fizibu kubwa iliyo karibu kabisa na batri, ili ikatike yenyewe kabla ya waya kuungua. Ya pili ni kipande cha mpira kinachozunguka tundu ambalo waya unapitia, pale kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na abiria, kwa sababu ukingo wa tundu lililotobolewa ni kisu.

Fundi aliitaja fizibu. Nakumbuka vizuri. Papa aliuliza bei, kisha akauliza: « Bila ile, gari itatembea? » Fundi akajibu ukweli: « Itatembea. » Papa akanitazama. Wiki hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho ya kulipa awamu ya pili ya masomo. Fizibu ikaahirishwa.

Mpira hakuutaja fundi, kwa kuwa alikuwa ameitwa kwenye gari lingine. Aliyeutaja ni kijana anayejifunza kazi kwake, wa miaka kama 17. Alikuwa amelala chali chini ya usukani, anavuta waya. Akasema kwa sauti ya kutosha:

« Waya ya moto iko nalomba mupira pa kitundu. »

Nilifurahi mno. Sentensi moja yenye maneno manane, na ndani yake karibu sura nzima ya kazi yangu! Nikaandika haraka. « Iko nalomba »: hali ya kuendelea kwa « iko na- », si « inaomba » ya Kiswahili sanifu. « Lomba »: kitenzi chenye l, kama katika Kibemba na Kiluba. « Pa kitundu »: kiambishi cha mahali kinachosimama mbele ya nomino, mahali ambapo Kiswahili sanifu kingesema « tunduni ». « Waya ya moto »: upatanisho wa y badala ya w. Na kwenye neno « moto » nikaongeza: « umeme wa chanya, sitiari iliyokufa. »

Kijana aliinua kichwa, akaniona naandika, akaendelea na kazi. Jioni gari liliwaka kwa mguso mmoja wa ufunguo. Papa alicheka kwa mara ya kwanza tangu wizi ule wa pili.

Zilipita wiki tatu. Asubuhi moja nilikuwa nimeketi mbele kando ya Papa. Nyuma walikuwapo mama wawili waliokuwa wakienda sokoni, na mdogo wangu wa kike aliyekuwa akienda shule, ameweka miguu yake juu ya lile sanduku. Barabara ya kutoka Katuba ilikuwa imechimbwa na mvua. Kila shimo lilitikisa gari, na kila mtikiso, sasa najua, uliusugua waya kwenye ukingo wa tundu.

Tulianza kusikia harufu ya mpira unaoungua. Kisha moshi ukatoka chini ya redio, mweusi, mzito. Papa alisimamisha gari na kuzima ufunguo. Moshi haukupungua. Wakati ule sikuelewa kwa nini: waya wa demarere haupiti kwenye ufunguo. Kutoka kwenye batri hadi kwenye demarere una umeme usiku na mchana, gari likiwaka au likilala, na kitu pekee ambacho kingeweza kuukata ni fizibu ambayo hatukununua.

Wale mama walitoka. Mdogo wangu alibaki, kwa sababu mlango wa upande wake haufunguki kwa ndani, jambo ambalo sote tulikuwa tumelizoea. Papa aliruka nje, akaufungua, akamvuta kwa mkono mmoja, akaondoa kifuniko cha sanduku na kushika kichwa cha waya wa hasi kwa mkono wa pili. Hakuwa na ufunguo wa kufungulia nati. Kwa bahati kichwa kile hakikukazwa sana. Alikizungusha mara mbili kikatoka, na ngozi ya kiganja chake ikabaki juu yake.

Hakuna aliyekufa. Zulia la gari liliungua, nyaya za chini ya redio zikayeyuka, na Papa hakuendesha kwa wiki mbili. Hasara ilizidi bei ya fizibu mara nyingi.

Baadaye nilisoma ili nielewe. Kuweka batri ndani ya gari si wazo la wajinga. Volkswagen Coccinelle ilitoka kiwandani na batri chini ya kiti cha nyuma. Wenye magari hayo walijifunza kwamba kifuniko chake kikipotea, springi za kiti zinaweza kugusa vichwa vya batri na kuwasha kiti. BMW nyingi zina batri nyuma, pamoja na mizigo. Lakini humo waya ni mnene, umefunikwa na kufungwa kila hatua, na batri ina bomba dogo la kutoa hewa nje. Bomba hilo lina sababu. Batri ya risasi na asidi inapochajiwa hutoa hidrojeni, na hewa yenye asilimia 4 tu ya hidrojeni inaweza kulipuka kwa cheche moja. Sanduku letu la mbao halikuwa na bomba. Papa alitoa cheche ndani yake kwa mkono wake, na mdogo wangu alikuwa hatua mbili kutoka hapo.

Usiku ule nilifungua daftari. Sentensi ilikuwapo, nzima, kwa mwandiko wangu mzuri, na maelezo yake matano. Hakuna lililokuwa la makosa. Profesa yeyote angenipa alama. Ila hakuna hata mahali pamoja nilipoandika kwamba waya ulihitaji mpira.

Nilirudi gereji na daftari. Nilimsomea yule kijana maneno yake. Hakucheka. Alisema:

« Yaya, miye nilizani uko naandika vitu vya kuuza. »

Kwa wasio wa Lubumbashi: « kuuza » hapa ni kununua. Aliniona na kalamu, mtoto wa mwenye gari, mtu wa chuo kikuu, akadhani ninatengeneza orodha ya kumpelekea baba yangu. Alitimiza wajibu wake: alisema, na akaona imeandikwa. Kwake, kuandika ni kuahidi kwamba jambo litafanyika. Kwangu ilikuwa data.

Katika kitivo tunafundishwa kusikiliza umbo, na sitaki kulidharau somo hilo. Bila hilo, hotuba ya kijana yule ingeendelea kuitwa Kiswahili kibovu. Lakini tunawaita watu kama yeye « watoa habari », halafu habari yenyewe hatuichukui. Niliandika « sitiari iliyokufa » kando ya neno ambalo yeye alilitumia kwa maana yake kamili.

Sasa daftari langu lina safu ya tatu: mtu huyu alikuwa akiomba nini? Mara nyingi jibu ni jepesi, anaomba bisibisi, anaomba nafasi. Naliandika hata hivyo.

Batri bado iko ndani. Ina fizibu, ina mpira pa kitundu, waya wake ni mnene zaidi, na bomba linatoa hewa nje chini ya gari. Papa, kiganja kikiwa na kovu, anaukagua mpira kila Jumapili. Kijana aliniomba niandike kwa rangi juu ya kifuniko, ili fundi mwingine atakayelifungua sanduku ajue. Niliuliza niandike nini, akanitajia maneno moja moja, nami nikaandika kama alivyosema, bila kugusa upatanisho wowote: WAYA YA MOTO. TOSHA MASI KWANZA.