Kutembea Eastlands Pamoja na Watoto Wasomao Nyumbani

Mtu akitaka kuujua mji wa Nairobi, asianze na maghorofa ya katikati ya mji. Na ashike Jogoo Road, ile iliyokuwa ikiitwa Doonholm Road zamani, aelekee mashariki. Huko kuna mitaa ambayo majina yake peke yake yatosha kuwa kitabu: Pumwani, Shauri Moyo, Kaloleni, Makongeni, Bahati, Maringo, Mbotela, Jericho, Jerusalem. Mtu wa Pwani asikiapo Kaloleni huikumbuka ile ya Wagiriama. Naye msomaji wa Biblia asikiapo kwamba Jericho na Jerusalem ni majirani hucheka, maana katika Nchi Takatifu ni safari ya mteremko ya kama kilomita 25, na hapa mtoto aweza kutumwa chumvi akarudi kabla sufuria haijachemka.

Mimi ni karani wa Serikali, nami nimepanga nyumba katika mitaa hii miaka tisa sasa. Kila asubuhi hupita Jogoo Road ndani ya matatu, na ndani ya matatu mtu haoni kitu ila kisogo cha mwenziwe. Kwa hiyo nilipokuwa katika likizo yangu ya mwaka, na jirani yangu mmoja wa Ofafa Jericho akanialika kufuatana na jamaa yake kutwa nzima kwa miguu, nilikubali upesi.

Jirani huyu na mkewe ni Wakristo wenye bidii, nao huwafundisha watoto wao nyumbani. Baba hufanya kazi ya zamu katika kiwanda kimoja cha eneo la viwanda. Mama alikuwa mwalimu wa watoto wadogo kabla ya kuiacha kazi hiyo. Watoto ni watatu: binti wa miaka 13, na wavulana wawili, mmoja wa miaka 10 na mwingine wa miaka 7. Mambo yalianza Machi 2020, shule zote za Kenya zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona. Wazazi wote wa mji huu walijikuta walimu bila kuajiriwa. Shule zilipofunguliwa kwa wote Januari 2021, wengi wetu tulishukuru Mungu tukawarudisha watoto mbio. Hawa wawili walikaa wakashauriana, wakaomba, kisha wakaendelea na meza yao ya jikoni.

Nataka kusema wazi kwamba jambo hili si jepesi mbele ya sheria. Katiba ya mwaka 2010 yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi ahakikishe kuwa mtoto wake ahudhuria shule; asiyefanya hivyo aweza kutozwa faini hata ya shilingi 100,000 au kufungwa hata mwaka mmoja. Mwaka 2019 mzazi mmoja wa magharibi mwa Kenya alishtakiwa kwa kuwafundisha watoto wake nyumbani. Jirani yangu ayajua hayo yote. Hoja yake ni kwamba sheria yalinda mtoto asinyimwe elimu, na wake hawakunyimwa. Mimi nimezoea kuisoma sheria kama ilivyoandikwa, nami nilimwambia hivyo. Hata hivyo hakuna sheria ikatazayo kutembea na jirani, basi tukatembea.

Kitu kingine chafaa kujulikana kabla ya safari. Vitabu vyao vingi vyatoka Marekani, vimetungwa na Wakristo wa huko kwa watoto wa huko. Ndani yake theluji huanguka, hesabu ni za dola, na mwendo hupimwa kwa maili. Mama aliniambia pasipo kuficha kwamba siku moja mtoto wake wa pili alijua majina ya mito ya Marekani lakini hakujua mto upitao chini ya daraja la Gikomba watoka wapi wala waenda wapi. Tangu siku hiyo waliweka Jumatano kuwa siku ya kutoka. Kila mtoto hubeba daftari, kalamu, na chupa ya maji. Mama hubeba chapati na mayai ya kuchemsha.

Tulitoka saa mbili asubuhi, baada ya sala fupi. Tulizunguka kwanza Jerusalem, kwa kuwa yule mdogo alishikilia kwamba lazima ashuke kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko kama ilivyoandikwa katika Injili ya Luka. Baba akawahadithia habari za Msamaria mwema huku tukienda. Hatujafika mbali, tukamkuta hamali wa mkokoteni uliojaa mitungi ya maji, gurudumu limezama mtaroni. Watu walikuwa wakipita. Baba hakusema neno. Aliweka mfuko chini akaanza kusukuma, na watoto wakafuata, nami pia na viatu vyangu vya ofisi. Mkokoteni ulipotoka, yule mdogo akauliza, "Baba, hapa mimi nilikuwa Msamaria au punda?" Hamali alicheka hata akakaa chini.

Katika daftari la binti kulikuwa na ukurasa wenye kichwa "Majina." Kila mtaa alioupita aliandika jina lake na maana yake. Pumwani, mahali pa kupumzikia. Bahati na Maringo hazihitaji kamusi. Lakini Ofafa, mtaa wake mwenyewe, si neno, ni mtu. Baba alisimama kando ya Jogoo Road akawaeleza kwamba Ambrose Ofafa alikuwa diwani wa mji huu, akauawa mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Akaonyesha kwa mkono ng'ambo ya barabara, upande wa Mbotela, mtaa uliopewa jina la Tom Mbotela, mwanasiasa aliyeuawa Novemba 1952. Mauaji yote mawili yalihesabiwa kuwa kazi ya Mau Mau.

Angeishia hapo, kisa kingekuwa chepesi. Lakini aliendelea. Aliwaambia kwamba tarehe 24 Aprili 1954 Serikali ya kikoloni iliuzunguka mji kwa askari, katika ile iitwayo Operesheni Anvil, wakaingia katika mitaa kama Bahati nyumba kwa nyumba, wakiwatafuta Wakikuyu, Waembu na Wameru, na kabla kazi hiyo haijaisha watu zaidi ya 20,000 walikuwa wamepelekwa vizuizini. Watu waliolala wakiwa na kazi na chumba waliamka hawana hiki wala kile. Binti aliacha kuandika. "Basi nani alikuwa na haki?" aliuliza.

Nilingoja kusikia baba atajibuje, maana mimi nilisoma katika shule ya sekondari ya misheni, shule nzuri, na swali kama hilo halikuulizwa mle darasani, tulikariri tarehe. Baba alifikiri kidogo, kisha akamwambia aandike yote mawili, la Ofafa na la Bahati, katika ukurasa mmoja, na akirudi nyumbani awaulize wazee watatu wa mtaa, wasiwe wa kabila moja. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililokuwa somo kubwa la siku ile, na halikuhitaji kitabu cha Marekani wala cha Kenya.

Kaloleni tulifika jua limekwisha kuwa kali. Ni mtaa wa miaka ya 1940, na mateka wa vita wa Kiitalia walitumiwa katika ujenzi wake. Nyumba ni za mawe, fupi, zenye paa la vigae, zimepangwa kuzunguka viwanja. Mvulana wa pili alipewa kazi ya kupima kiwanja kimoja kwa hatua na kutafuta eneo lake. Alipata jibu, akalikataa, akapima tena. Mitaa hii ya kale imo katika mipango ya kubomolewa ili yajengwe maghorofa ya kukaa watu wengi zaidi. Watu wengi hawana nyumba, hilo nalijua kwa kazi yangu, na ghorofa hukaa wengi. Lakini aliyekusudia kumwonyesha mwanawe Kaloleni asikawie.

Ndani ya mtaa huo iko maktaba ndogo, tawi la Maktaba ya McMillan iliyo mjini. Ile kubwa ilifunguliwa mwaka 1931, na mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwafrika hakuruhusiwa kusoma humo. Hii ya Kaloleni ilitengenezwa upya miaka ya karibuni kwa juhudi za shirika la Book Bunk pamoja na Kaunti ya Nairobi. Watoto walikaa humo saa nzima bila kusukumwa, nami nikapata mahali pa kupumzisha miguu.

Kutoka hapo tulipita soko la Burma, liuzalo nyama, ambalo yasemekana lilipata jina lake kwa askari waliorudi kutoka vita vya Burma. Kisha tukaingia Gikomba. Juu ya daraja, mama akawasimamisha. Jina la Nairobi latokana na Kimaasai, maana yake maji baridi. Tukayatazama maji hayo: meusi, yamebeba vitambaa vya mitumba na mifuko. Mvulana wa pili akasema, "Mama, haya si baridi, na sijui kama ni maji." Mama akamwamuru achore. Akachora mto ukitoka upande wa Kikuyu, ukipita mjini, ukienda Dandora, ukiingia Mto Athi, ambao hubadilika jina ukaitwa Galana, kisha Sabaki, hata ukaingia baharini karibu na Malindi. Shangazi yao akaa Malindi. Yule mdogo alishtuka sana kusikia kwamba uchafu wa Gikomba waenda kwa shangazi.

Kamukunji ilikuwa na kelele za nyundo hata hatukuweza kusemezana. Mafundi wa jua kali huchukua mapipa na mabati wakatoa majiko, makarai, na yale masanduku ya bati ambayo kila mtoto wa shule ya bweni huyafahamu. Fundi mmoja mzee aliwaonyesha watoto jinsi ya kukunja pembe bila kupasua bati, akawauliza hesabu ya bati linalohitajika kwa sanduku moja. Binti alijibu sawasawa. Kisha fundi akamwuliza, kwa wema kabisa, anunuliwe lipi, na shule yake ni ipi. Binti akamtazama mama. Akapitisha mkono juu ya kifuniko cha sanduku moja la rangi ya buluu, akasema kwamba yeye asoma nyumbani. Fundi akasema, "Haya, mama," akarudi kwenye nyundo yake.

Hatukulizungumza jambo hilo pale. Lakini tulipokuwa tukivuka Landhies Road mama alinijia kando akaniambia kwamba miezi miwili sasa binti amekuwa akiomba kwenda shule ya sekondari pamoja na wasichana wa kanisani. Baba bado hajakubali. Akaniuliza, "Bwana Karani, wewe ungefanyaje?" Nilimjibu kwamba waliyomfundisha hakuna mtu atakayemnyang'anya akienda, na kwamba mtoto aliyeweza kuuliza nani alikuwa na haki mwaka 1954 hatapotea katika darasa la watu 50. Nikaongeza ya sheria, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Alisikiliza, hakuitikia wala hakukataa.

Mwisho wa safari ulikuwa Jumba la Makumbusho la Reli, lililofunguliwa mwaka 1971, karibu na stesheni. Humo mtoto huona kwamba mji huu ni mwana wa reli: kazi ilianza Mombasa mwaka 1896, vyuma vikafika hapa Mei 1899 penye nyasi na matope, na vikafika ziwani Desemba 1901. Lakini wavulana walikuwa na shauku ya kitu kimoja tu, behewa ambalo Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alilalia pale Kima mwezi Juni 1900. Alikuwa akimvizia simba mla watu; usingizi ukamchukua, simba akaingia, akamtoa dirishani. Yule mdogo alilipima dirisha kwa mikono yake, akaulizia ukubwa wa simba, ukubwa wa Ryall, na kama wenzake walikuwa wamesali kabla ya kulala. Baba alijibu mawili ya kwanza.

Binti hakuja kwenye behewa. Alikaa juu ya hatua za injini ya moshi akiandika, na nilipopita niliona ameongeza jina moja katika ukurasa wake, Kamukunji, na mbele yake ameacha nafasi.

Tulirudi kwa matatu kutoka Muthurwa saa kumi na moja, wakati wa wanafunzi wa kutwa, sare za kila rangi zikibanana mpaka mlangoni. Baba aliniambia kwamba Jumatano ifuatayo wataanza na Kariokor, kambi ya wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918, ile ile ambayo Dar es Salaam waiita Kariakoo. Alinikaribisha tena, lakini likizo yangu ilikuwa imekwisha.